Nilimfuata Mke Wangu Mwanza

Vijana wangu, tuelewane jambo moja kabla hamjaniletea tena wasifu wenu niupitishie macho. Ile sentensi ya "nimevutiwa na fursa zilizopo Kanda ya Ziwa" ifuteni. Nimeisoma kwa miaka mingi nikiwa afisa utumishi wa kiwanda cha minofu ya sangara upande wa Igogo, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukutana na binadamu aliyefunga godoro kwa kamba, akabeba jiko la gesi na ndoo mbili, akasafiri kutwa nzima kwa sababu ya fursa. Watu wanahamia Mwanza kwa sababu mke kapangiwa hospitali ya huku, au mume kapelekwa kufundisha Magu, au mchumba kasema amechoka kupendwa kwa simu. Sisi tunaosoma barua zenu tunalijua hilo. Tunanyamaza kwa adabu tu.

Nina haki ya kuwacheka kwa sababu sentensi hiyo niliwahi kuiandika mwenyewe, tena kwa mwandiko wa kupendeza.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilikuwa afisa utumishi wa kampuni moja ya mkonge kule Morogoro, nina kiti cha kuzunguka na ufunguo wa kabati la mafaili, na nilijiona mtu. Mke wangu Consolata alikuwa benki. Siku moja akarudi na barua ya uhamisho: Mwanza, ndani ya mwezi. Nikamwambia atangulie na binti yetu Neema, mimi nitakuwa nakuja likizo. Akaniambia, "Alfonsi, mimi mume wa Pasaka na Krismasi simtaki. Tafuta kazi Mwanza. Ukikosa, rudi Morogoro, lakini tukubaliane kwamba ndoa imekuwa ya kutembeleana, na mimi ndoa ya hivyo nitaichoka."

Consolata hakuwa mtu wa vitisho. Alikuwa anatoa taarifa. Nikaomba likizo ya miezi mitatu bila malipo, mwajiri akakubali kwa maandishi kwamba mwezi wa tatu ukiisha sijaonekana, kiti changu kinapewa mwingine. Kwa hiyo nilikuwa na siku tisini za kupata kazi Mwanza, au nichague kati ya kiti na mke. Niliogopa, nasema wazi. Nilipanda basi nikiwa nimevaa tai, ili abiria wenzangu wasije wakadhani ninamfuata mwanamke.

Tulipanga nyumba Ilemela, kilimani, uani kwetu majabali makubwa mawili, na nguo tulianika katikati yake. Siku ya tatu mwenyekiti wa mtaa, Mzee Shija, akaja na daftari lake la wakazi. Alinikuta naanika. Mkononi nilikuwa nimeshika gauni la Consolata la kazini, na mdomoni nilikuwa nimebana vibanio viwili.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema baada ya kuvitoa.

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Yuko kazini. Benki."

Akaandika. "Na wewe baba?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo limenilisha na kunichekesha mpaka leo. Ningesema, "Nimemfuata mke wangu, natafuta kazi," mambo yangekwisha. Lakini mzee alikuwa anatazama gauni, na mimi nilikuwa natazama gauni, nikaona heshima yangu yote inaning'inia kwenye ile kamba.

"Mimi ni mfanyabiashara," nikasema.

"Wa nini?"

Kutoka pale uani, katikati ya majabali, ziwa linaonekana. "Wa dagaa," nikasema.

Mzee Shija alifurahi. Akaniambia mtaa wao ulikuwa na mafundi cherehani watatu na mchungaji mmoja lakini mtu wa dagaa hawakuwa naye. Akaandika kwa herufi kubwa, akafunga daftari, akaniambia siku atakayokwenda ukweni kwake Maswa atahitaji gunia moja la kupeleka.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilikwenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, asubuhi, na tai yangu, nikanunua gunia la dagaa kwa mama wa kwanza aliyeniita "baba yangu." Sikujua kwamba kuna dagaa wa kuanikwa kwenye kichanja na dagaa wa kuanikwa mchangani, na kwamba anayejua huwachota kidogo, akawasugua viganjani, akasikiliza. Mimi niliwatazama tu nikaona wanang'aa. Consolata aliporudi kutoka kazini akakuta gunia sebuleni akauliza ni la nani. Nilipomweleza alikaa chini kwenye sakafu akacheka mpaka Neema akaleta maji.

"Kwa hiyo sasa mimi ni mke wa mchuuzi," akasema.

"Ni kwa muda tu."

"Sawa. Ila usiniletee harufu kwenye gauni."

Niwape na ya kazini kidogo, msije mkasema mzee anapiga porojo tu. Enzi zangu maombi yalikuja kwa bahasha, na bahasha ilikuwa inasema mengi. Iliyokunjwa mara nne ilitoka mfukoni mwa suruali. Yenye alama ya chai ilikuwa imezunguka ofisi za ndugu kabla ya kufika kwangu. Siku hizi mnatuma kwa mtandao, na usaili mnafanyiwa mbele ya kompyuta mkiwa mmevaa koti juu na bukta chini, na mnadhani hatujui. Tunajua. Kijana mmoja aliinuka kufunga mlango.

Lakini njia ikibadilika, swali la msomaji ni lilelile: huyu mtu kwa nini yuko hapa, na atakaa? Usipomjibu, atajijibu mwenyewe, na majibu yake huwa mabaya kuliko ukweli. Akiona ulikuwa na kazi nzuri Arusha ukaiacha ghafla, hawezi kuwaza harusi. Atawaza wizi. Kwa hiyo andika mstari mmoja tu, juu kabisa: nimehamia Mwanza na mwenza wangu, tunaishi Buswelu, niko tayari kuanza Jumatatu. Mstari huo unamwambia kwamba una pa kulala, hutamwomba nauli ya kuhamisha familia, na hutamsumbua kwa kusafiri kila mwisho wa wiki. Wapigie wadhamini wako kabla hujaandika majina yao. Mdhamini wangu mmoja wa Morogoro alipopigiwa simu alisema ananikumbuka vizuri, mrefu mweupe. Mimi ni mfupi, na weupe wangu uko kwenye meno.

Na wewe ambaye mwenza wako ameshaajiriwa hapa: usiende kukaa mapokezi kwenye ofisi yake ukingoja bosi wake apite. Nilifanya hivyo mara moja pale benki. Mlinzi aliniuliza mara tatu kama nataka kufungua akaunti, na mara ya nne akauliza kwa sauti ya polisi.

Basi nikaomba kazi kila mahali palipokuwa na mlango wa kioo. Usaili wa kwanza, kwenye kampuni ya bima, nilisema nimehamishwa kikazi. Wakafurahi, wakaomba kuona barua ya uhamisho. Nikasema ipo kwenye mizigo. Wakasema watasubiri. Nadhani mpaka leo wanasubiri. Usaili wa pili, kwenye kampuni ya usafirishaji, nikaitoa ile sentensi ya fursa za Kanda ya Ziwa. Bwana mmoja mpole akaniomba nitaje tatu. Nikataja samaki. Nikataja pamba. Nikafikiri sana, nikataja samaki tena.

Zikabaki siku kumi na tatu. Consolata alikuwa ameacha kuniuliza "imekuwaje?" nikirudi. Alikuwa ananiwekea chakula tu. Jioni moja nilimkuta anamfundisha Neema namna ya kuandika barua, na barua yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa baba Morogoro, wakati baba mwenyewe nimesimama mlangoni. Nilikwenda kukaa nyuma ya jabali. Sikulia, lakini nilikaa huko kwa muda unaotosha mtu kulia.

Kesho yake nikaona tangazo la kiwanda cha minofu. Wanataka afisa utumishi, uzoefu miaka mitano, aje na nakala za vyeti na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, iliyofungwa na kupigwa muhuri. Nyinyi mnaijua barua hiyo, mnaichukua bila kuwaza. Mimi niliwaza sana, kwa sababu siku mbili kabla, Mzee Shija alikuwa amerudi kutoka Maswa, alikopeleka gunia langu.

Nilimkuta ofisini kwake. Nikampa shikamoo, akaitikia akiwa anatazama ukuta.

"Mwenyekiti, safari ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri mpaka tulipokula," akasema. "Mama mkwe wangu ana meno manne. Sasa ana matatu."

Niliomba radhi kwa lugha zote nilizokuwa nazo. Nikaahidi gunia lingine. Akasema asante, wakwe zake hawataki tena kitu chochote kutoka ziwani. Hata hivyo hakuninyima barua. Alisema yeye ni kiongozi wa watu, hachanganyi muhuri na mambo ya ukweni. Akaandika palepale kwa mkono, polepole, akitulia baada ya kila mstari kunitazama usoni. Akaikunja, akaifunga kwa gundi, akagonga muhuri juu ya mfuniko wa bahasha. Sikuthubutu kuuliza ameandika nini.

Usaili wa kiwanda ulikuwa alasiri. Wasaili walikuwa watatu, na katikati alikaa mkuu wa utumishi, Mama Mabula, mzaliwa wa Bujora, mwanamke wa umbo kubwa na sauti ndogo, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua. Nilikuwa nimejifunza salamu ya Kisukuma ili nionekane mwenyeji, nikaingia na "Mwangaluka, mama." Akanijibu taratibu kwamba hiyo ni ya asubuhi, ila si neno, nikae. Huyu Mama Mabula ndiye aliyekuja kunifundisha kazi yote ninayojisifia leo, lakini siku ile nilitamani sakafu ifunguke.

Tukaenda vizuri. Sheria za kazi nilizijua, likizo za uzazi nilizijua, namna ya kupanga zamu za usiku na mchana nilieleza mpaka yule bwana wa uzalishaji akaanza kuandika. Ndipo Mama Mabula akachana bahasha ya mtaa. Akasoma kimya. Akarudia. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga aliyojifunga kiunoni, akaivaa, akasema, "Wenzangu, naomba niisome kwa sauti, nisije nikawa nimekosea."

Akasoma: "Mchukua barua hii ni mkazi wa mtaa wangu. Ni mfanyabiashara wa dagaa. Hana kesi, hana ugomvi na jirani, anamheshimu mke wake na anafua nguo. Ila dagaa wake wana mchanga."

Bwana wa uzalishaji alitoka nje. Tulimsikia akicheka kwenye korido. Mwingine aliinamia faili langu na mabega yakawa yanamtikisika. Mama Mabula peke yake hakucheka. Alisubiri watulie, halafu akasema, "Baba, hapa tuna sharti moja. Mtu anayefanya biashara ya samaki, awe sangara awe dagaa, hakai kwenye ofisi zetu. Unalijua?"

"Silijui, mama."

"Sasa umelijua. Una la kusema kabla sijafunga faili?"

Nilikuwa na uongo mwingine tayari. Ningeweza kusema biashara nimeiuza, au ni ya mdogo wangu, au mwenyekiti amenichanganya na mpangaji mwingine. Ulimi wangu ulishaanza kuuchagua. Halafu nikamkumbuka Neema na ile barua yake, nikachoka. Nilichoka kweli, vijana.

"Mama, mimi si mfanyabiashara," nikasema. "Nimenunua gunia moja tu maishani mwangu, ndilo hilo la mchanga. Mke wangu yuko benki, alihamishiwa huku, nami nimemfuata. Niliona aibu kusema."

"Aibu ya nini?"

"Ya kufuata."

Akanitazama juu ya miwani. "Na mkeo akihamishwa tena?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalikimbia kwa miezi mitatu. Jibu la kupata kazi nililijua, kwa sababu mimi mwenyewe Morogoro nilikuwa nawauliza wanawake swali hilohilo, nao walikuwa wananidanganya jibu hilohilo, nami nilikuwa naandika kwenye fomu "anafaa." Nilikuwa sijawahi kufikiria wanavyojisikia.

"Nitamfuata tena, mama," nikasema. "Nitatoa taarifa mapema, nitamfundisha atakayenirithi, halafu nitamfuata."

Alifunga faili. Nikaanza kukusanya vyeti vyangu.

"Kaa," akasema. "Wanne wamekaa kwenye kiti hicho kabla yako. Wote waliniapia kwamba watazeekea hapa. Wa mwisho aliondoka saa ya chai na funguo zangu za stoo. Wewe ni wa kwanza kuniambia utaondoka vipi. Unaanza Jumatatu. Na huyo mwenyekiti wenu msalimie, anajua kuandika barua."

Nilipofika nyumbani Consolata alikuwa hajarudi. Nikafua kila kitu kilichokuwa kinafulika, nikaanika mchana kweupe, na Mzee Shija alipopita nikamwita mwenyewe nimwambie kazi yangu halisi. Akasema alishajua. Mfanyabiashara wa dagaa, akasema, havai tai.

Kwa miaka iliyofuata Mama Mabula alinifundisha kuanza kila usaili na swali moja: "Nani amekuleta Mwanza?" Tulikuwa tunaliuliza kwa uso mkavu, halafu tunatazama mtu anavyohangaika. Alikuwepo mhandisi aliyesema ameletwa na Roho Mtakatifu. Baadaye tukagundua Roho Mtakatifu anaitwa Sophia na anafundisha sekondari. Waliosema kweli tuliwapa mkataba wenye kifungu kimoja cha ziada: mwenza akihamishwa, toa taarifa ya miezi mitatu na mfundishe mwenzako. Walikuwa wafanyakazi wazuri kuliko wote. Na nyinyi mnaoajiri sasa, hilo mnaweza kuliiba, Mama Mabula mwenyewe ameshafariki na asingewanyima.

Mwaka wa saba swali lile la mke kuhamishwa tena lilikuja kunidai. Consolata aliitwa Dodoma, safari hii kuwa mkuu wa tawi. Alikuwa amekingoja cheo hicho muda wote niliomfahamu. Aliniambia Alhamisi, kwa sauti ya kawaida, halafu akaenda kuoga. Nami nilikuwa nimeshaahidi. Jumamosi asubuhi nikakaa mezani nikaandika barua ya kuacha kazi, taarifa ya miezi mitatu, sababu: namfuata mke wangu. Niliiandika bila aibu yoyote, nikajiona nimekomaa. Mchana tulipokaa kula nikamkabidhi aisome kabla ya kuipeleka kwa Mama Mabula.

Akaisoma mpaka mwisho. Akanisahihisha tarehe. Halafu akaikunja akaiweka chini ya sahani yake.

"Hii usiipeleke," akasema. "Benki nimewaandikia jana."

"Umewaandikia nini?"

"Kwamba mume wangu ana kazi Mwanza na anaipenda. Nimeomba nibaki naye."

Nilimwambia amekosea. Nilimwambia cheo hakiji mara mbili, kwamba mimi kazi nitapata, nimeshajua namna ya kuitafuta. Nilisema mengi, na sauti ilinipanda. Alinisogezea bakuli la mboga.

"Kula, ugali unapoa."

Tawi la Dodoma alipewa kijana ambaye Consolata alimfundisha kazi kwa mikono yake. Cheo hakikuja tena. Alistaafu akiwa kwenye dawati lilelile alilokalia tulipofika Mwanza. Tumegombana mara nyingi tangu siku ile, maana sote wawili tuna midomo, na katika ugomvi wote huo hajawahi hata mara moja kunitajia Dodoma.